Jezi ya Mwisho Kwenye Fremu

Cherehani ya kudarizi ya mke wangu ilikwama saa moja na nusu asubuhi, katikati ya herufi ya tatu. Ilikuwa imeshamaliza K, imeshamaliza O, na M ilikuwa na mguu mmoja na nusu. Ikatoa mlio kama mtu anayetafuna kokoto, kioo chake kikawaka chekundu, ikanyamaza.

"Haiwezekani," mke wangu alisema. "Leo? Leo hii?"

Jezi kumi na tatu za wenzake wa timu ya wanawake ya kiwanda zilikuwa zimekunjwa juu ya kochi, kila moja na namba na jina la utani mgongoni: Radi, Bi Mbio, Msumari, Pangaboi. Alizidarizi zote kwa wiki mbili, kila akitoka zamu kwenye kiwanda cha sabuni. Ya kwake aliiacha mwisho. Ndivyo alivyo, hata mezani hujipakulia watu wote wakishaanza kula. Jezi hiyo ilikuwa na namba tayari, na ilitakiwa isomeke KOMEO, kwa sababu yeye ni kipa.

Kipa wa benchi, tuseme ukweli. Misimu mitatu amevaa glovu na kuzivua bila kugusa mpira wa mechi. Sasa kipa wa kwanza alikuwa amehamishiwa tawi lingine, na asubuhi hiyo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, mke wangu angeanza golini. Ila mwamuzi wa ligi ile ni mtu wa sheria: jina na namba viwe vimeshonwa. Wiki iliyotangulia alimzuia beki aliyejiandikia jina kwa kalamu ya wino. Na nahodha alikuwa anakuja na gari saa tatu kamili.

Mdogo wake mke wangu, ambaye ni msusi na saluni yake iko mlango wa pili, aliingia mbio na drai ya nywele mkononi.

"Nimeusikia ule mlio! Pisha, dada, niipulize."

"Shemeji," nikasema, "naomba usiiwashe hiyo."

"Kwa nini? Kila Jumamosi naipuliza mimi. Huoni inavyong'aa?"

Kweli iling'aa. Nje haikuwa na hata unywele wa vumbi. Hilo ndilo lililonifanya nivute kiti.

Mimi si fundi cherehani. Natunza stoo ya vipuri kiwandani, na nimejifunza kufungua vitu kwa kuvifungua. Nina utaratibu mmoja tu: kila kinachotoka nakilaza kwenye kitambaa cheupe, kwa mpangilio wa kutoka kwake, ili wakati wa kurudisha nianze na cha mwisho. Nikatandika kitambaa. Nikachukua kijitabu cha maelekezo, bisibisi fupi, brashi ndogo na kibano. Kabla ya kuzima umeme nikanakili namba iliyokuwa kwenye kioo: mshono wa 2,146.

"Baba wee, muda unakwenda, wewe unaandika hesabu?" mke wangu alilia.

"Tukisahau ilipoishia, tutaishona M juu ya M."

Akaanza kuzunguka meza.

Nilichomoa waya ukutani. Nikakata uzi uliojisokota chini ya kitambaa, nikaitoa fremu pamoja na jezi iliyobanwa humo bila kuilegeza hata kidogo, nikaiweka kitandani kama mtoto aliyelala. Sindano ikatoka. Ilikuwa fupi! Ncha yake haikuwepo.

"Ncha iko wapi?" shemeji akauliza.

"Hilo ndilo swali."

Mguu unaokandamiza kitambaa ukatoka. Skrubu mbili za bamba la chuma chini ya sindano zikatoka, moja kwa hiari, ya pili baada ya kubembelezwa. Nikaliinua bamba, na sote watatu tukainama kwa pamoja mpaka vichwa vikagongana.

Palikuwa na zulia. Sina neno lingine. Pale ambapo kikombe cha uzi wa chini kinatakiwa kukaa huru, vumbi la nyuzi lilikuwa limeshindiliwa likawa kitu kizito, laini, chenye kona, kana kwamba limekatwa kwa kipimo. Na lilikuwa la rangi ya waridi.

"Sijawahi kushona kitu cha waridi," mke wangu alisema. Kisha akamtazama mdogo wake polepole. "Isipokuwa taulo zako."

"Taulo zangu?"

"Taulo ishirini za saluni. Za manyoya marefu."

Shemeji aliitazama drai. Akaitazama mashine. Akaishusha drai taratibu, akaificha nyuma ya mgongo.

"Kwa hiyo mimi nilileta manyoya, halafu mimi mwenyewe nikayashindilia."

"Upepo haufagii, shemeji, unahamisha tu," nikamwambia. "Ila ulikuwa unajitahidi. Wengine hawafungui wala hawapulizi. Shika tochi."

Aliishika kwa mikono miwili. Nikaanza kuchokoa na brashi pembeni, kuelekea kwangu, kamwe si kuelekea ndani. Pakalegea. Nikaingiza kibano, nikavuta, na zulia likaja zima, refu kama kidole, likiacha shimo safi nyuma yake. Mke wangu alipiga kelele kama aliyeona goli.

"Jamani! Hii yote ilikuwa inakaa humo?"

"Tena bila kulipa kodi!" alisema shemeji.

Nilikitoa kikombe. Chini yake palikuwa na tabaka jingine, la kijani, la jezi zenyewe. Nikafagia duara zima, nusu kwa nusu. Kwenye nusu ya mwisho brashi ikagonga kitu, tik. Shemeji akasogeza mwanga. Nikakinasa kwa kibano, nikakiinua: kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchele, chenye ncha kali.

"Ndiyo hiyo!" wakasema kwa sauti moja.

Saa mbili na dakika ishirini na tano. Nikapitisha ukingo wa kitambaa laini pale juu uzi unapobanwa, ukatoka na kijinyoya cha mwisho. Kisha nikaanza kurudisha, kutoka mwisho wa kitambaa cheupe kuja mwanzo. Kikombe kina alama inayotakiwa kuangaliana na alama ya mashine. Mara ya kwanza sikuilenga, kikacheza. Nikakitoa. Nikapumua. Nikakirudisha. Kikatulia. Bamba, skrubu, mguu, sindano mpya. Nikazungusha gurudumu kwa mkono, kuja kwangu. Lilizunguka kama limelowekwa kwenye mafuta.

Nje, honi ikalia. Nahodha, mama mwenye mabega mapana ambaye jezi yake ilisomeka Msumari, akachungulia dirishani.

"Komeo! Twende! Mbona bado una kanga?"

"Dakika kumi!"

"Nina tano!"

Mke wangu akairudisha fremu mwenyewe. Nikawasha, nikasogeza mishono mpaka 2,146, nikarudisha nyuma mitano ili uzi ushikane. Tukaangaliana.

"Bonyeza wewe," nikamwambia.

Akabonyeza. Sindano ikashuka palepale, ndani ya mguu wa M, kwenye tundu lilelile. Na mlio! Si kokoto tena. Ulikuwa mlio wa mvua ya kwanza juu ya bati. M ikakamilika. E ikaja. Nahodha alikuwa ameshaingia ndani, amesahau gari, ananong'ona, "Maliza, maliza, maliza," kama anamwambia mtu aliyebaki na kipa peke yake. O ikaanza kuzunguka, ikazunguka, ikafunga.

Alikata nyuzi, akabandua karatasi ya nyuma inayoshikilia mshono, akaivaa jezi ikiwa bado na joto la taa ya mashine.

Uwanjani, mwamuzi alipita nyuma ya mstari wa wachezaji na karatasi yake. Kwa kila mmoja alisugua jina kwa kidole gumba. Alipofika kwa mke wangu alisugua mara mbili. Shemeji alinifinya mkono mpaka nikaumia.

"Komeo," mwamuzi alisoma. Akaweka alama. "Kaa golini."

Hakukaa, alikimbia. Dakika ya sita mshambuliaji wao alimtoka beki wetu, akapiga chini, pembeni kabisa. Mke wangu alijirusha kabla sijaelewa mpira uko wapi. Alipoinuka alikuwa ameukumbatia kifuani. Akageuka kidogo kumtafuta mwenzake wa kumrushia, mgongo ukatuelekea sisi, herufi zote tano.

"Mrushie Radi!" shemeji alipiga kelele. "Kulia kwako, dada, Radi yuko peke yake!"

Akamrushia.