Mlango wa Kabati la Nyaya

Akiru, msimamizi wa mtandao, alikuwa amekalia kiti cha plastiki tangu saa tatu asubuhi. Huu ulikuwa mkutano wa nne wa kuchagua programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za mtandao wa shirika, kuanzia ofisi hii ya Lodwar hadi Kakuma, na mkurugenzi Lomunokol bado alikuwa anauliza ipi ina rangi nzuri.

Jamani! Programu ni sanduku tu. Alishawaambia mpaka mate yakamkauka. Kwanza mtu aende aandike waya upi unaelekea wapi. Kwa sasa hayo yote yalikuwa mahali pamoja tu duniani: nyuma ya mlango wa kabati la nyaya kule Kakuma, ambako fundi Zubeyr aliyaandika kwa kalamu ya maka pen kwa miaka sita, waya baada ya waya.

Simu yake ikalia. Alikuwa Zubeyr: ofisi zote za Kalobeyei, jirani na Kakuma, hazina mtandao.

Akiru akaongeza sauti wote wasikie. "Soma mlangoni. Waya wa Kalobeyei ni wa ngapi?"

"Dada," Zubeyr akajibu, "mlango tuliupaka rangi jana, mbele na nyuma. Barua yenu ilisema kila kitu king'ae kabla wageni wanaokuja kutuonyesha programu hawajafika."

Akiru akamgeukia Lomunokol, aliyeitia sahihi barua hiyo. Lomunokol akakohoa. "Basi tupige kura haraka."

"Pigeni, mzee," Akiru akasema, akichukua funguo za gari. "Nyinyi chagueni sanduku. Mimi naenda Kakuma kutafuta cha kutia ndani."