Kenge wa Gaudiosus

Tangu wamzike Gaudiosus, mjane wake Eustadia alikuwa na wimbo mmoja: siku ya Misa ya kumbukumbu, kijiji kizima cha Kamuli kitakula samaki wa marehemu. Bwawa marehemu alilichimba mwenyewe chini ya kibanja, shamba lao la migomba, na vifaranga vya sato akavimwaga kwa mkono wake.

Ukingoni aliishi kenge mkubwa. Marehemu alikuwa akimwamkia, "Shikamoo, mzee!" na hakuruhusu apigwe hata jiwe. "Mwacheni, ana kazi yake." Kabla hajaitaja hiyo kazi, Eustadia alikuwa ameshaangua kicheko, na nyumba nzima nyuma yake.

Nyumba ile haikuwahi kukosa watu. Misa ilipokaribia, walikaa uani wakitafuna punje za kahawa, kenge akapita na kitu mdomoni.

"Shemeji, huyo atakumalizia samaki!" akasema Polikarpi, ndugu wa marehemu.

"Na hao kaa wa bwawani je?" akauliza jirani, Deodatha. "Mbona ukingo wameutoboatoboa?"

"Kaa!" Polikarpi akadakia. "Kadudu kanakotembea upande upande kama mlevi! Mweke kaa hapa, mweke kenge pale. Mwizi nani? Si sura tu inatosha?"

Walicheka mpaka machozi. Eustadia naye akacheka, akaingia ndani kuchukua panga, akampa Polikarpi.

Polikarpi alipomaliza kumuua kenge, akampasua tumbo ili awaonyeshe samaki. Hakukuwa na hata mwiba. Yalimwagika magamba ya kaa yaliyosagika, na gando moja zima.

Hapo kila mtu akakumbuka kwamba ana mbuzi wa kufungua. Watu ambao siku zote hufukuzwa na giza, waliondoka jua likiwa bado kali.

Mvua ikaja, na kaa hawakuwa tena na wa kumwogopa. Wiki ya Misa ukingo ukapasuka. Sato walikutwa matopeni katikati ya migomba, wameshavimba, nzi wamewajaa.

Siku yenyewe nyumba ilifurika. Wageni walikula ndizi kwa maharage. Sebuleni Polikarpi alisimulia alivyompiga yule kenge, na kila akirudia, mkia unarefuka.

"Dada, njoo ukae na wageni," Deodatha akamwita Eustadia aliyekuwa jikoni.

"Nakuja."

Hakuinuka. "Si ungenieleza, Gaudi," alinong'ona kwenye moshi. Kisha kicheko kikalipuka sebuleni, na akakijua: ndicho kilekile alichokuwa akikianzisha yeye, kila marehemu alipofungua mdomo.