Kizunguzungu cha Shemeji

Karakana yetu ina sheria moja: ukigeuka na mbao begani, unapaza sauti, "Nageuka!" Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu na mwenye karakana, hapazi. Anasema kelele ni za vibarua. Ndivyo mbao yake ilivyonipata nyuma ya sikio, nikiwa nimeinama napiga mlango msasa.

Sikuzimia wala sikutoka damu, na hapo ndipo alipopata la kusema. Sakafu ilipoanza kuyumba, mwanga ukanichoma macho na harufu ya vanishi ikanitapisha, akawatangazia mafundi kwamba najidekeza. "Kichwa kizima kabisa! Wiki ijayo benchi lake la kazi nampa mtu mwingine."

Daktari alinieleza vizuri. Huo ni mtikisiko wa ubongo; unaweza kuumia bila damu, bila kuzimia. Tena pigo lile limekiamsha kipandauso nilichonacho tangu usichana, nacho huweza kuleta kizunguzungu hata siku kichwa hakiumi. Nipumzike, kisha nirudi kazini kidogo kidogo. Shemeji alipoyasikia akacheka. "Hata daktari umemdanganya?"

Nikaapa atanikoma.

Asubuhi moja, nikiwa nimeanza kurudi kazini kwa saa chache, tulikuwa tumemaliza kukaza kiti cha ofisi cha mteja, kimoja cha vile vya kuzunguka. "Shemeji, wewe ndiye mzito, hebu kijaribu," nikamwambia kwa upole. Akakaa. Nikakizungusha. Nikakizungusha tena na tena, kwa hasira zangu zote, mafundi wakishangilia, naye akilia, "Basi, shemeji! Basi jamani!"

"Si una kichwa kizima? Simama!"

Alisimama, akaenda upande, akaanguka, akaukumbatia mguu wa meza na kutapika. Raha niliyoisikia siifichi. Ila kumtazama akizunguka kulikuwa kumenimaliza mimi pia. Paa likapinduka, nikaanguka kando yake.

Kizunguzungu chake kilipita upesi. Akainuka, akajipangusa, akanitazama nilivyoing'ang'ania sakafu kwa kucha. Mafundi walikuwa wameacha kucheka.

"Ndivyo hivi kila siku?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kila siku."

Akaninyooshea mkono. Nikaukataa.

"Kaa chini, shemeji. Changu bado. Habari ya benchi langu utaisema nikishasimama."

Akakaa, palepale kwenye matapishi yake, akasubiri.