Zilizopendwa za Mtu Aliye Hai

Nimeombewa rehema mara tatu kwenye redio, na mara zote tatu nilikuwa nimekaa dukani kwangu hapa Garissa, nampaka mtu hina. "Mtunzi wake hajulikani," mtangazaji wa kipindi cha zilizopendwa akasema kwa sauti ya msibani. "Popote alipo, Mwenyezi Mungu amrehemu." Mteja wangu akaitikia amina. Nusura nimtie hina puani.

Mtunzi ni mimi. Qali Salat, miaka ishirini na saba, meno yote kinywani. Wimbo ule niliutunga mwaka jana kwa Kisomali, nikaurekodi na Shuaib, fundi wa simu wa mlango wa pili, ambaye kinanda anakijua kuliko anavyozijua simu. Tulitaka usikike kama kanda za ujana wa bibi zetu: uudi wa nyuzi, kinanda cha kulialia, makofi, sauti isiyonyooshwa na kompyuta. Shuaib akaupitisha kwenye redio kaseti ya ayeeyo, yaani bibi yangu Weris, ili upate ule mkwaruzo wa zamani. Ukatoka mtamu, wallahi. Sijisifu, lakini kitamu ni kitamu.

Kosa letu lilikuwa moja na nalikubali. Kwetu maneno ya mtu hayaimbwi hivi hivi. Kabla hujaanza unasema: aliyesema haya ni fulani, binti fulani. Hata awe amekufa miaka mia, unamtaja. Kanda za zamani zilianza hivyo. Sisi kwa ujanja wetu tukaliacha jina, tukaurusha wimbo mtandaoni na picha ya kale iliyofifia, tuone kama watu watadanganyika. Wakadanganyika! Kutoka Diff hadi Banissa ukawa kwenye kila simu, na kila mtu ana mjomba aliyenunua kanda yake mwaka wa sabini na kitu. Nikisema ni wangu, wananicheka. "Dada, wewe ulikuwa hujazaliwa."

Nikasema watachoka. Hawakuchoka. Mwezi uliopita nikasikia kwamba Sadiyo, mwimbaji wa harusi ambaye hakuna bibi harusi wa maana mjini anayeolewa bila yeye, atauimba Jumamosi kwenye harusi ya binti wa Yakub, mfanyabiashara wa ngamia. Na atamtaja mtunzi: mjomba wake, marehemu Kulow. Nilikosa hamu ya kula. Jina likishatajwa kwenye ukumbi ule, mbele ya wanawake mia tatu wanaojua mashairi, limekaa. Baada ya hapo hata nije na Shuaib na kompyuta yake, nitaonekana mwizi wa maneno ya maiti.

Nikamfuata Sadiyo kwake. Hakunifukuza, tena alinipa chai.

"Qali, mimi sidanganyi," akaniambia. "Mjomba alitunga nyimbo hamsini, na kanda zake zote zilipotea vitani. Nilipousikia huu nililia. Na shahidi ninaye. Kamuulize bibi yako."

Bibi yangu! Nilirudi nyumbani Bulla Iftin kwa tuktuk, nafoka peke yangu mpaka dereva akaogopa.

"Ndiyo, nimemwambia," ayeeyo akasema, bila hata kuona haya. "Wimbo huo niliucheza mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, babu yako akinitazama."

"Ayeeyo, niliutunga mwaka jana! Si Shuaib alikuja kuchukua redio kaseti hapa hapa, ukiwa umekaa hapo?"

"Aliichukua akausikilize."

"Aliichukua aurekodi!"

"Usininyang'anye ujana wangu, Qali," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Nilikasirika mpaka na mimi nikalia. Kupigana na Sadiyo nilikuwa tayari. Kumwaibisha mbele za watu mwanamke aliyenilea, hilo sikulitaka kabisa. Lakini jina langu nalo nililitaka.

Jumamosi alasiri nikavaa nikapendeza, nikaenda, nikakaa mstari wa mbele. Sikwenda kulia. Sadiyo akaimba nyimbo mbili, ngoma ikatulia, akampelekea ayeeyo maiki.

"Mama yetu Weris alikuwepo enzi hizo," akawaambia watu. "Yeye ndiye atakayetutajia mtunzi."

Nikasimama. "Kabla ya jina," nikasema, na sauti yangu haihitaji maiki, "naomba ubeti wa tatu."

"Wimbo una beti mbili," Sadiyo akasema.

"Ule uliorekodiwa una mbili. Wimbo wenyewe una tatu. Ayeeyo, wewe si uliucheza? Tuimbie."

Ayeeyo akafungua mdomo, akaufunga. Vidole vyake vikawa vinaipapasa maiki. Moyo uliniuma, siwezi kuficha, lakini sikukaa chini. Nikauimba mwenyewe. Ni ubeti wa msichana anayeongea kwa video na mumewe aliye ng'ambo. Mtandao unasumbua, uso wa mume unaganda kwenye kioo cha simu, mdomo wazi, na msichana anaubusu hivyo hivyo kwa sababu ndio uso pekee alio nao. Shuaib aliukata kwa kuwa ungetuumbua siku ya kwanza.

Ukumbi ulilipuka. "Kumbe marehemu alikuwa na bando!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Na wale wale waliocheka wakaanza kufuta macho, maana nusu yao waume zao wako Minnesota.

Sadiyo hakucheka. Tukamgeukia ayeeyo sote, kwa sababu maiki ilikuwa bado mkononi mwake. Angeweza kuirudisha tu. Angeweza kusema uzee umemchanganya, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini bibi yangu akajinyoosha mgongo.

"Nilikosea, na niliwakosesha," akasema. "Aliyesema haya ni Qali, binti wa mwanangu Salat."

Ukumbi mzima ukalirudia jina langu. Na Sadiyo, haki yake nampa, akachukua maiki, akalitaja tena kwa kinywa chake, kisha akaimba beti zote tatu, na ule wa tatu alikuwa ameusikia mara moja tu. Aliimba kuliko mimi, mwanamke yule. Nililia kwa furaha mpaka wanja ukaniharibikia.

Ayeeyo akaja kukaa kando yangu. Hakuwa na furaha.

"Nilikuwa na hakika," akasema polepole. "Namkumbuka babu yako akinitazama. Sasa kama si huu, nilicheza nini mimi?"

Hasira zote ziliniisha, nikabaki na huruma tu. Nikamshika mkono.

"Sijui, ayeeyo. Lakini huu bado hujaucheza. Simama."

"Magoti yangu, mwanangu."

"Simama, wimbo unaisha."

Akasimama, akajifunga mtandio kiunoni, wanawake wakampisha katikati. Sadiyo alipomwona akakatiza palepale, akauanza wimbo upya, na kabla ya neno la kwanza akalitaja jina langu.