Nambari Saba

Kosa ni langu, na nililifanya kwa kujitia makini.

Bosi wangu kwenye karakana ya vifaa pale Peenya, Shivaramu, alikuwa na mke aliyepooza mwili mzima, Nagaveni. Kilichobaki kuchezacheza ni macho tu. Tukamtengenezea kifaa: kamera inafuata macho, kifaa kinaandika nambari kwenye kumbukumbu ya kompyuta, programu yangu inaisoma na kuwasha kisanduku cha nambari hiyo, chenye neno lake, kwenye skrini. Wiki ya kwanza alitusema sote. Funga dirisha. Kuna joto. Zima hiyo redio.

Basi mimi mjuaji nikaongeza ukaguzi: programu ikianza, iandike saba kwenye kumbukumbu ile, kisha iisome. Ikirudi saba, mambo sawa. Ilirudi saba kila mara, nikajipongeza.

Kisanduku cha saba kilikuwa "Nimeshiba."

Tangu hapo Nagaveni hakusema kingine. Shivaramu akadhani ugonjwa umemchosha, akawa anawasha kifaa wakati wa kula tu. Anamlisha vijiko vitatu vya uji wa ulezi, anatazama skrini, anaweka bakuli chini.

"Neno lenyewe amebakiwa na hilo moja," aliniambia kazini. "Na hilo nisimsikilize?"

Siku ya kumi na tisa nilipita kwao asubuhi. Nagaveni alikuwa amelala fofofo, macho ameyafumba. Kifaa kilikuwa kimeshawashwa kwa ajili ya uji wa asubuhi, na skrini inasema Nimeshiba.

Nikafungua programu pale pale sakafuni. Nilipaswa kuomba kumbukumbu ya kushirikiana na kifaa, nami niliomba ya binafsi. Ya binafsi ukiisoma tu, unaona anachoandika mwenzako. Ukiandika humo mara moja, mfumo unakupa nakala yako, na kuanzia hapo unajisomea mwenyewe. Siku zote hizo kifaa kiliandika maneno yake upande wa pili, na mimi nilisoma saba yangu.

Nikamwambia Shivaramu.

"Kwa hiyo alikuwa hajashiba?"

"Sijui alisema nini, bosi. Hatukuwa tunamsikia."

Hakunitukana. Heri angenitukana.

Kurekebisha kulihitaji kubadilisha neno moja tu kwenye programu. Nagaveni alipoamka, macho yakasogea polepole, na kisanduku cha pili kikawaka: Nina njaa.

Shivaramu alileta uji mbiombio hadi ukammwagikia mkononi. Uji wa kijiko cha kwanza ukatokea pembeni mwa mdomo. Wa pili vilevile. Kumeza kulikuwa kumeshamshinda, na tangu lini, hakuna aliyejua. Kisanduku kiliendelea kuwaka.

"Iangalie tena, Yashodha," Shivaramu alisema, bakuli bado mkononi. "Pengine bado inadanganya. Iangalie, mwanangu."

Nikaziba kamera kwa kiganja. Kisanduku kikazimika. Nikaondoa kiganja, macho yake yakiwa palepale, kikawaka.