Doa Jeupe

Wateja walimwita Bwana Subiri, maana hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Weusi unaopanda kwenye kuta za mawe, aliwaambia, si moshi wala vumbi. Ni kitu kilicho hai, kinakunywa unyevu, na ukikikwangua kwa brashi ya chuma unalichubua jiwe na kukitandikia kitanda. Pulizia dawa, ondoka, subiri. Kitakufa, na mvua itamalizia. Mke wake alikuwa akitania kwamba hata kumposa alisubiri mvua tatu. Kwa vibarua wake alikuwa na amri moja tu: ukuta wenye dawa mbichi hauegemewi, hata kwa mzaha.

Alhamisi hiyo alikuwa peke yake nyuma ya maktaba. Mfereji wa paa uliokuwa ukivuja alishauziba, la sivyo weusi ungerudi kabla yeye hajafika nyumbani. Ulibaki ukuta wenyewe, mweusi tii toka juu mpaka chini, isipokuwa juu ya benchi, palipokuwa na doa jeupe lenye upana wa mabega ya mwanamke.

Yalikuwa mabega ya mke wake. Alikuwa karani wa maktaba kwa miaka ishirini na mmoja, na kila mchana alikula hapo akiwa ameegemea jiwe, mgongo wake ukiuzuia weusi kuota. Alifariki miezi minne iliyopita. Mume alipokea pole, akasema asante, wiki iliyofuata akarudi kazini. Hakulia. Hakusikia kitu, si uchungu, si chumvi kwenye chakula, na jambo hilo lilimtia aibu kidogo.

Msimamizi wa jengo alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Alitoka na funguo mkononi, akasimama mbele ya benchi.

"Shemeji, hapo kwa dada si pasafi tayari? Paruke tu."

"Niparuke au nisiparuke, ni yale yale. Naondoa weusi wa pembeni. Pembeni pakiwa peupe, hapa hapataonekana tena."

"Basi uache ukuta huu. Nitawaambia dawa imekwisha."

"Nikiuacha, weusi utaota mpaka hapa. Sasa hakuna wa kupaegemea."

Shemeji alizichezea funguo. "Kwa hiyo kwa vyovyote anaondoka."

"Kwa vyovyote," alisema, kama mtu aliyeulizwa saa. "Nenda ndani, shemeji. Dawa hii si ya kuvuta."

Alipulizia kutoka chini kupanda juu, ili isiache michirizi. Doa nalo akalipulizia, kwa sababu jiwe safi pia linahitaji kinga. Alipomaliza alitua pampu, akavua glavu na koti la mpira, akaketi kwenye benchi kama fundi yeyote aliyechoka. Kisha akaegemea.

Dawa ilipenya shati. Mabega yake yalikuwa mapana kuliko doa. Mgongo ulianza kuwasha, halafu kuuma kweli kweli, na alijua la kufanya: vua shati, maji mengi, upesi. Hakuinuka.

Dirisha lilifunguliwa. "Shemeji, umeegemea dawa. Toka hapo."

"Subiri," alisema, na sauti ikamkatika. "Subiri kidogo."