Harufu Iliyozuiliwa Mpakani

Jumanne asubuhi, kabla hajafungua mlango wa mbele, muuza manukato alikata utepe wa boksi kwa kisu kidogo cha kumenyea matunda, akatoa chupa ishirini na nne na kuzipanga juu ya kaunta. Kila chupa ilikuwa imeviringishwa kwenye gazeti la ng'ambo ya mpaka, pembe zimeingizwa ndani kwa uangalifu, kama mtu anavyomfunga mtoto mchanga asipigwe na baridi. Alifungua moja ya Maua Meupe, akajipaka tone kwenye kifundo cha mkono, akanusa. Haikunukia kitu.

Akadhani ni mafua. Akajaribu Mdalasini, akajaribu na ile waliyoiita Mvua. Mafuta yalikuwa mazito na yenye rangi yake ya siku zote, lakini pua haikupata kitu. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mteja wake wa miaka mingi, alipopita kumsalimu, alinyooshewa mkono.

"Ninusie hapa, fundi."

Fundi akainama, akanusa. "Hapa pananukia mkono," alisema. "Mkono msafi, lakini mkono."

Saa nne simu ikaita. Alikuwa afisa wa forodha kutoka ofisi ya mpakani, mtu mwenye sauti ya upole iliyochoka.

"Mafuta yako yalipita tangu Ijumaa," alisema. "Harufu imebaki huku kwetu. Karatasi zake zina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Uliandika kwamba ni ya kiwanda. Sasa mwenzangu ameikagua, si ya kiwanda. Ni ya mtu. Njoo na kitambulisho, tuimalize."

Muuza manukato hakuuliza ni mtu gani. Uso ulimwaka moto hadi masikioni, akaangalia mlangoni kama kuna aliyesikia.

Mtu mwenyewe alikuwa mama yake mzazi. Huko ng'ambo, mama huyo alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kuokota chupa tupu za manukato kwenye majalala ya nyuma ya hoteli, kuziosha kwenye beseni, kuzichemsha na kuziuza tena. Mtaa mzima ulimwita Mama Chupa. Kutokana na mabaki aliyoyakuta chini ya chupa hizo alijifunza kunusa, na kutoka kunusa akajifunza kuchanganya, hata ikafika siku akawa anatengeneza mafuta ambayo hoteli zenyewe zingeyataka kama zingejua yametoka wapi. Binti yake, alipokuwa msichana wa shule, akimwona mama anakuja na gunia la chupa zinazogongana, alikuwa anavuka barabara.

Baadaye alivuka na mpaka, akaolewa huku. Siku ya kwanza alipokaribishwa mezani kwa wakwe, watu wa maofisini, wenye nyumba ya ghorofa na vitambaa vya mkononi vilivyopigwa pasi, mama mkwe alimuuliza, "Na mama yako je, anafanya kazi gani?" Jibu lilimtoka kabla hajalipima: "Mama alifariki." Mama mkwe akamshika mkono, machozi yakamlengalenga. Chozi la mtu likishadondoka kwa ajili yako, utamwambia nini alirudishe? Kwa hiyo mama akabaki amefariki. Alipozaliwa mtoto wa kike, alipewa jina la bibi yake kwa kumbukumbu, na lilikuwa wazo la mama mkwe.

Duka lilipofunguliwa, aliagiza mafuta kwa mama huyo huyo. Aliandika ujumbe mfupi: Maua Meupe nane, Mdalasini nane, Mvua nane. Mama alijibu kila mara, "Sawa mama, nitatuma. Umekula?" Swali hilo la pili binti hakulijibu hata mara moja. Kwenye fomu za mpakani, palipoandikwa mtumaji, alijaza: kiwanda.

Alitaka kwenda mpakani peke yake, lakini shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mwenye pikapu na asiyekataa safari, hakutaka kusikia. "Saa mbili za barabara mbovu, shemeji, uende na basi na mimi nipo? Watu watanionaje?" Chupa wakazipakia nyuma, wakaondoka. Njia nzima alipiga soga, naye akaitikia tu.

Ofisi ya forodha ilikuwa chumba kirefu chenye kaunta moja, feni moja na benchi la mbao ukutani. Harufu ilikuwa imekaa kwenye benchi, upande wa dirishani. Ilichukua nafasi ya mtu mmoja mnene au wawili wembamba, na wasafiri waliokuwa wakisubiri mihuri walikuwa wameiachia nafasi yake bila kuambiwa.

"Ipo pale tangu Ijumaa," afisa alisema. "Haina usumbufu. Karani wetu hata amesema tangu ije hajaumwa na kichwa."

Muuza manukato alipita karibu nayo. Juu kulikuwa na maua meupe, mdalasini, na ule ubichi wa udongo uliolowa. Chini yake kulikuwa na sabuni ya kipande, moshi wa kuni, kitambaa cha kufutia chupa kilichokauka kwenye kamba, na ule unyevu wa mgongo wa mtu aliyembeba mtoto mkubwa kupita umri wa kubebwa. Harufu ilisogea kidogo kwenye benchi, kama mtu anayempisha mwenzake akae. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye kaunta.

"Ushuru hakuna," afisa alisema, akimsogezea fomu. "Ni mstari huu tu haujajazwa. Mwenye harufu ni nani kwako?"

Shemeji alikuwa ameegemea kaunta, kiwiko chake kikigusa karatasi. "Jibu basi, shemeji," alisema kwa utani. "Au ni bwana wa zamani?" Akacheka peke yake.

Muuza manukato aliishika kalamu. Neno lenyewe lilikuwa la herufi nne, na mbili kati ya hizo zinajirudia. Mtoto wa chekechea analiandika. Alisikia pumzi ya shemeji karibu na bega lake.

"Ni mtu tunayefanya naye biashara," alisema.

"Si ndugu?"

"Si ndugu."

Afisa aliinua macho akaangalia benchi, kisha akamwangalia yeye. "Mnafanana lakini," alisema bila nia mbaya, akaandika alichoambiwa na kugonga muhuri. "Sasa, kwa jibu hili nitakupa ya juu tu. Ile ya chini ni ya jamaa, sina ruhusa ya kumkabidhi mfanyabiashara. Itakaa hapa mpaka ndugu ajitokeze. Na nakala moja ya fomu inakwenda kwa mtumaji."

"Lazima iende?"

"Ndiyo utaratibu, dada. Lazima naye ajue mzigo wake uliishia mikononi mwa nani."

Walipofika kwenye pikapu, chupa zilikuwa zinanukia. Shemeji aliwasha gari, akaendesha kimya kwa mara ya kwanza siku hiyo, kisha akasema, "Unajua, yule wa kwenye benchi ana mtoto mahali. Mtu hanukii vile bure." Yeye akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Siku ya tisa mama alipiga simu. Kwa kawaida hakupiga. Aliogopa kumkuta binti yake mbele ya watu.

"Nimesomewa karatasi," mama alisema.

"Mama, pale palikuwa na mtu, nisingeweza..."

"Hapana, imeandikwa vizuri, ina hata muhuri. Mimi tu nilikuwa sijaelewa." Beseni likasikika likiwekwa chini. "Nilidhani nakutumia mafuta. Sikujua kama tunafanya biashara."

Kisha mama akasema vocha inakwisha, akakata.

Jioni hiyo, mezani, mama mkwe alimwangalia na kumuuliza mbona hali chakula. Mumewe aliacha kijiko. Shemeji naye alikuwepo, na mtoto mwenye jina la bibi yake alikuwa anachora kwa kidole kwenye kitambaa cha meza. Muuza manukato alifumbua mdomo. Ilikuwa nafasi nzuri kuliko zote atakazowahi kupata, naye alilijua hilo.

"Ni mama," alisema.

"Najua, mwanangu," mama mkwe alisema, akamshika mkono kama siku ile ya kwanza. "Waliotutangulia hawasahauliki. Tunamkumbuka sote."

Akashukuru, akaomba asogezewe chumvi.

Agizo lililofuata lilipita mpakani kwa siku moja. Fomu ilisema kiwanda, na wakaguzi hawakuona kasoro. Chupa zilifungwa vizuri tu, gazeti limeviringishwa kama watu wote wanavyoviringisha. Maua Meupe ilinukia maua meupe, na hapo basi. Wateja waliisifu, mmoja alisema siku hizi mafuta yamekuwa safi zaidi. Fundi cherehani alinusa, akasema ni mazuri, akanunua nusu ya kawaida yake.

Tangu hapo alianza kwenda kuchukua mzigo mpakani mwenyewe, ingawa ungeweza kuletwa hadi mlangoni. Mumewe aliambiwa ni kwa sababu ya wizi. Shemeji alimfikisha, akaenda kuangalia matairi, naye akasubiri ndani. Mara ya tatu afisa alitoa ile fomu ya zamani kwenye droo bila kuulizwa na kuiweka juu ya kaunta, kalamu kando.

"Bado inaweza kurekebishwa," alisema. "Ni mstari mmoja."

"Leo nimekuja kuchukua mzigo tu."

Afisa akairudisha kwenye droo.

Alikwenda kukaa kwenye benchi. Harufu ilikuwa pale pale, upande wa dirishani. Safari hii haikusogea kumpisha, ila haikumkimbia pia, na yeye akakaa kwenye kipande kilichobaki, magoti pamoja, mkoba mapajani, akavuta pumzi taratibu ili isionekane anavuta. Sabuni. Moshi. Kitambaa juani. Kupitia dirishani alimwona shemeji akipiga teke tairi la mbele, kisha la nyuma.

Msafiri mmoja mwenye begi zito aliingia, akaangalia benchi, akaonyesha nafasi iliyokuwa ubavuni mwa muuza manukato.

"Samahani dada, hapa pana mtu?"

"Pana mtu," alisema.

"Mko pamoja?"

Nje, shemeji alikuwa ameshafuta mikono na anakuja mlangoni.

"Hapana," alisema, akanyanyuka.